Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Nyumbani kwetu kuna mjadala ambao haujaisha. Baiskeli ya babu, aina ile tunayoiita Black Mamba, imeegemezwa ukutani na imeshika kutu. Kaka yangu anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kisha tuongeze pesa tununue ya mtumba yenye gia. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Kwanza, fremu yake ni ya chuma kizito na haijapasuka popote. Kilichoharibika ni tairi, mnyororo, golori na spoku chache. Vifaa hivi vyapatikana Keroka, na mafundi wa kando ya barabara wanavijua vizuri. Tena tunaweza kununua kimoja kimoja, kila mama anapouza ndizi. Ile ya mtumba yataka pesa zote siku moja, na karo nayo yangoja!

Pili, kuna keria. Sisi wa shule ya kutwa twajua kazi yake: asubuhi hubeba mwanafunzi, jioni hubeba maji au mkungu wa ndizi. Hizo za gia nyingi huja bila keria. Tusisahau kwamba boda boda zilianzia Busia, mpakani na Uganda, miaka ya 1960, kwa baiskeli, abiria akikaa papo hapo nyuma.

Najua nitaulizwa, "Wewe, milima ya Kisii na Nyamira utaipanda vipi bila gia?" Kweli, nitashuka nisukume. Lakini kusukuma mzigo ni afadhali kuliko kuubeba kichwani.

Hatari hasa ni kuteremka. Rimu za chuma zikilowa, breki huteleza, na kwetu mvua haikosi. Kwa hivyo shilingi ya kwanza iende kwenye breki. Rangi na kengele baadaye. Siku ya mvua, mteremko niushuke kwa miguu. Na fundi akisema fremu imeoza, hapo hata mimi nitakubali iuzwe, maana maisha hayana spea.

Lakini kama ugonjwa ni tairi na mnyororo tu, mbona tumzike mgonjwa angali hai? Nanyi wenzangu mlio na baiskeli kuukuu nyumbani, mwiteni fundi kwanza kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma.