Ufunguo na kufuli: madesa yanatupotosha

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa sababu ya UE, na UE ilipoisha nikakimbilia nyumbani Nansio kula sato. Nimerudi kampasi Jumatatu nikiwa na hasira, kwa hiyo leo hamna habari za boom wala foleni ya kafeteria. Leo ni protini. Usifunge ukurasa, ngoja kwanza.

Nyumbani nimekuta hoja ile ile niliyoiacha: eti klorokwini ndiyo ilikuwa dawa ya kweli, chungu, inawasha mwili mzima mpaka unajua kweli umetibiwa, na serikali iliiondoa kwa kuwa ni bei rahisi, ili tuuziwe mseto. Mzee mmoja pale bandarini akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe si ndo unasoma hayo mambo, hebu niambie, dawa inachokaje?" Jamani, hilo swali ni zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni. Na kwenye madesa yetu jibu lake halipo. Kuna picha ya ufunguo na kufuli, kwamba protini ya kwenye utando wa seli inatambua kitu chake kimoja, inakipitisha, mwisho wa habari. Tunakariri, tunamwaga kwenye mtihani, tunasahau.

Ile picha inapotosha, na ushahidi umo tumboni mwako. Ukila ugali wa muhogo na dagaa, protini ya dagaa inakatwakatwa kuwa peptaidi, yaani vipande vya asidi amino mbili tatu zilizoungana. Asidi amino ziko 20, kwa hiyo vipande vya mbili vinaweza kuwa vya aina 400, vya tatu aina 8,000. Je, utumbo una kufuli 8,400? Hauna. Kuna protini moja inaitwa PEPT1 ambayo inabeba karibu zote. Inashika vile vitu ambavyo peptaidi zote wanavyo, ncha moja yenye chaji chanya, nyingine hasi, na kiungo kilichopo katikati. Matawi ya pembeni yanatafuta nafasi yenyewe. Ni kama mlinzi wa geti anayekagua kofia na viatu tu, katikati umevaa nini shauri yako. Ndo maana hata antibayotiki kama sefaleksini inapita hapo hapo, kwa sababu imefanana na peptaidi kiasi cha kutosha.

Sasa turudi kwa malaria, maana kisiwani kwetu hiyo siyo mada ya semina, ni homa ya kila nyumba. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu kinakula himoglobini yetu. Nacho kina tumbo, kifuko chenye asidi, na humo himoglobini inakatwa kuwa peptaidi. Zinatokaje zikatumike? Kwenye utando wa hicho kifuko kuna protini inaitwa PfCRT, ina asidi amino 424. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000 kwa sababu ya usugu wa klorokwini, na jina ikapewa hilo hilo la usugu, kana kwamba kimelea kilijengewa mlango kikisubiri vidonge vyetu! Miaka 20 ikapita kabla kazi yake ya asili haijaonyeshwa vizuri. Mwaka 2020 maabara ya Rowena Martin kule Australia, wakitumia mayai ya chura, walionyesha kuwa PfCRT inabeba peptaidi za asidi amino 4 hadi 11. Ni mlango wa jikoni basi, na umelegea vile vile kama wa utumbo wetu.

Klorokwini inaua kwa kunasa humo kifukoni. Inaingia bila chaji, asidi inaivisha chaji mbili chanya, inashindwa kurudi, inarundikana na kuzuia kimelea kisizimue sumu inayobaki baada ya himoglobini kuliwa. Mlango wa asili hauitoi, kwa sababu kwenye nafasi ya 76 una laisini yenye chaji chanya, na chanya kwa chanya zinasukumana. Badilisha laisini iwe threonini isiyo na chaji, pamoja na mabadiliko mengine machache ya kuisindikiza, na dawa inatolewa nje kama maganda ya muhogo. Kwa hiyo, babu, dawa haikuchoka. Ni ile ile. Mlango ndio uliobadilika.

Ila mlango huo una gharama, na hapa ndipo madesa yanapotia aibu. Utafiti huo wa 2020 ulionyesha kuwa mlango wa usugu unabeba peptaidi chache zaidi, na za aina chache zaidi. Kimelea sugu kinakula kwa shida. Dawa ikiwepo kinashinda, dawa ikiondoka kinazidiwa na wenzake wenye mlango wa zamani. Malawi waliacha klorokwini 1993. Mwaka 2005 ikajaribiwa tena Blantyre, na kati ya watoto 80 waliopewa ilishindwa kwa mmoja tu. Sisi tuliiacha 2001 tukaenda SP, kisha 2006 ikapitishwa ALu, yaani mseto. Na tafiti za hapa hapa Tanzania zimeona kuwa ALu yenyewe inawapendelea vimelea wenye laisini ile ya 76.

Najua kuna mtu ameshaanza kushangilia: basi irudishwe! Taratibu kaka. Mlango sugu haujafutika Afrika nzima. Irudishe klorokwini madukani peke yake, watu wanunue vidonge viwili viwili kama pipi, na unawapa tena vimelea sugu ile faida waliyoipoteza. Wakati huo huo, ng'ambo ya ziwa kule Kagera vimelea wenye mabadiliko ya K13, yanayopunguza kasi ya artemisinini, wamesharipotiwa, na Rwanda waliripoti tangu 2020. K13 siyo mlango, ni habari nyingine, lakini inamaanisha mzigo unamwangukia yule mwenzake ndani ya ALu, lumefantrini. Halafu mtu anakunywa nusu dozi, homa ikishuka vidonge vinavyobaki anamwekea mtoto kabatini. Nimeviona hivyo vipaketi Nansio, tena nyumba za watu waliosoma.

Mtu aliyefundishwa ufunguo na kufuli atamwambia yule mzee "dawa imepitwa na wakati", na mzee atajua anadanganywa. Mlango wa namba 76 unafundishika kwa nusu saa, una peptaidi, una chaji, una historia ya nchi hii tangu 2001. Badala yake tunachoreshwa kufuli.

Anitajie mtu swali moja la UE, la chuo chochote, lililouliza kwa nini kimelea sugu kinashiba vibaya. Moja tu. Chips mayai juu yangu.