Ghala Isiyo na Mtunzaji

Kila askari aliyewahi kufika kwenye ghala ya kikosi anaujua utaratibu wake. Haingii mwenyewe akachukua buti au blanketi. Husimama dirishani, akataja jina na namba yake, akatoa hati, kisha akangoja mtunzaji aingie ndani na kumletea alichoomba. Mtunzaji asipokuwapo, ghala hata ikijaa pomoni haimfai kitu.

Programu ya kompyuta itafutayo habari katika hifadhidata hufuata utaratibu uo huo. Mwaka 1970 Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala juu ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana, na maghala ya namna hiyo yameenea duniani kote. Aghalabu ghala hulindwa na programu nyingine iitwayo seva, ambayo huenda iko chumba kingine au hata mji mwingine. Mwombaji hupiga hodi kwa kutaja anwani ya seva, jina la mtumiaji na neno la siri. Akikubaliwa hutuma ulizo lake kwa lugha ya SQL, hupokea safu za majibu, kisha huufunga mlango.

Ulizo lenyewe lataka hadhari. Mtaalamu mwangalifu huliandika kama fomu yenye nafasi tupu, na maneno ya mtumiaji huingia katika nafasi hizo tu. Ayaunganishaye maneno ya mtumiaji na amri yenyewe amempa mgeni kalamu ya kuandikia amri, na mgeni mwovu aweza kulisoma au kulifuta jedwali zima.

Hata hivyo, jambo lililomsumbua Mmarekani Richard Hipp halikuwa wizi. Alikuwa miongoni mwa waliotengeneza programu kwa ajili ya Oscar Austin, manowari ya Jeshi la Majini la Marekani. Manowari ikipigwa, mabomba hukatika, na mabaharia hawana budi kujua mara moja ni vali zipi zifungwe na zipi zifunguliwe ili maji yapitie njia nyingine. Habari za vali hizo zilikuwa katika hifadhidata yenye seva. Kila seva ilipozimika, programu ilishindwa kuunganishwa, na kioo kikaonyesha tangazo kwamba hifadhidata haipatikani. Lawama ziliwaangukia akina Hipp, kwa kuwa tangazo lilitoka katika programu yao. Ndiyo desturi ya dunia: mwenye njaa humgombeza mpakuaji, si aliyekawia kuleta kuni.

Hipp akatafakari. Programu yake ilihitaji kusoma habari tu, nazo zingeweza kukaa katika diski ya kompyuta ile ile. Ya nini basi kumtegemea mtunzaji ambaye huenda asiwepo saa ya hatari? Mwezi Agosti 2000 akatoa SQLite, hifadhidata isiyo na seva. Programu hulifungua faili moja na kujisomea yenyewe, bila anwani wala neno la siri, ila lugha ya kuuliza ni SQL ile ile. Ni kama askari aliyekwisha kutia mahitaji yake ndani ya shanta. Tena Hipp aliitoa bure, mtu yeyote aitumie apendavyo. Leo imo katika simu za Android na za iPhone, na ujumbe ambao mama hupokea jikoni kutoka kwa mume aliye kambini huhifadhiwa humo.

Haifai kila mahali. Katika faili moja mwandishi ni mmoja tu kwa wakati mmoja, na wengine hungoja zamu. Makao makuu ya polisi yanayopokea taarifa za vituo vingi kwa mara moja yatahitaji seva, na mwenye kuandika programu yake hana budi kuieleza tangu mwanzo la kufanya mlango usipofunguliwa: ijaribu tena mara ngapi, na imwambie nini aliye mbele ya kioo.

SQLite nayo ina mtego wake, nao huwanasa wengi. Mtu akikosea jina la faili, kwa kawaida haimkatalii. Humuundia faili jipya, tupu. Mlango umefunguka vizuri, na kosa huonekana tu ulizo la kwanza linapojibiwa kwamba jedwali hilo halipo.