Mlango gani wa kuwa muganga?

Matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka na mtoto akasema, “Mama, nilisoma biolojia na kemia, nataka kuwa muganga,” msikimbilie pale penye minervali ndogo. Kwanza mjue anaingia mlango gani.

Hapa Congo milango ni mitatu. Fakulte ya Medisini inatoa madaktari. Biolojia, katika Fakulte ya Sayansi, inatoa wataalamu wa viumbe; diploma yake peke yake haimpi mtoto ruhusa ya kutibu watu. ISTM inatoa wauguzi, watu wa maabara na wengine wa afya. Zote ni kazi za heshima, lakini diploma ya mlango mmoja si ya mwingine.

Mkichagua Medisini, ulizeni: fakulte hii inatambuliwa na Serikali? Wanafunzi wanafanya staji hospitali gani? Kule Bukavu, kwa mfano, wanafunzi wa UEA wanajifunzia Panzi, hospitali aliyoanzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Udaktari haufundishwi kwa ubao tu.

Halafu hesabuni. Masomo hayapungui miaka 6. Likelemba ikilipa mwaka wa kwanza tu, mtoto atarudi nyumbani katikati ya njia. Jumlisheni minervali, kodi ya nyumba, chakula na staji za miaka yote mbele ya kumwandikisha.

Na binti asiambiwe miaka hiyo ni mingi kwake. Kaka yake akihesabiwa, naye ahesabiwe.