Mnyama wa karatasi naye ana mwenyewe

Mtoto wa Goma ao Bukavu akipasua ukurasa wa kaye na kukunja avio, hakuna anayeuliza avio hiyo ni ya nani. Inakunjwa tangu zamani, ni ya wote. Lakini kuna wanyama wa karatasi ambao wana wenyewe, na kuwachukua bila kutaja jina ni kumnyima mtu haki yake.

Sanaa hiyo Wajapani wanaiita origami. Wanaoifanya kwa ukali wanafuata sharti moja: karatasi moja ya mraba, bila makasi wala gundi. Sasa toa hapo mdudu mwenye miguu sita na pembe. Mmarekani Robert Lang, mwanafizikia aliyeacha kazi yake mwaka 2001 ili akunje karatasi tu, ameeleza namna inavyowezekana. Kila mguu unakula sehemu ya duara kwenye karatasi, na maduara hayawezi kupandana. Mguu unaotoka kwenye pembe ya karatasi unakula robo ya duara, ule wa ukingoni nusu, ule wa katikati duara zima. Kwa hiyo kabla ya kukunja mara ya kwanza, mvumbuzi anagawa karatasi kama ndugu wanavyogawana shamba la baba yao: anayekosea mpaka anamkosesha mwengine. Kinachobaki ni ramani ya mikunjo, mistari mingi ambayo asiyejua anaona kama urembo tu.

Ni ramani hizo zilizoleta kesi. Mwaka 2011, Lang na wenzake watano kutoka Marekani, Japani, Italia na Hispania walimshitaki Sarah Morris, mchoraji wa New York, kwenye mahakama ya Marekani. Walisema alichukua ramani zao, akazipaka rangi, akazipa majina mengine na kuziuza bila kuwataja. Yeye alijitetea kwamba alitengeneza kitu kipya. Mwaka 2013 pande zote zilipatana, na wavumbuzi wakakubaliwa kutajwa. Mahakama haikufika kuamua nani alikuwa na haki.

Wako wanaosema mistari ni hesabu, na hesabu haina mwenyewe. Kwa mstari mmoja, ni kweli. Lakini fundi wa kushona naye anatumia mistari ya kawaida, na modeli yake ya kikwembe ikiigwa na jirani wa soko, kila mtu hapa anajua aliyeibiwa ni nani.

Wengine wanamtaja Akira Yoshizawa, mzee wa origami ya kisasa, kwamba alitoa ujuzi wake bure. Hapana. Katika kitabu chake cha 1954 alionyesha alama za mishale na nukta zinazomwezesha mtu yeyote kufuata mikunjo, hata asipojua Kijapani. Alitoa njia ya kusoma. Wanyama wake walibaki wake, naye aliishi miaka mingi katika umaskini kwa ajili yao.

Wanaokunja kwa kujifurahisha hawadaiwi pesa. Lakini anayetumia wiki nzima kukunja joka la Satoshi Kamiya, lenye magamba tele kwa karatasi moja, kisha anaweka picha kwenye simu, aandike majina mawili: la aliyekunja na la aliyevumbua. Leo wengi wanaandika moja tu, la kwao.