Familia ya Ngũgĩ imeingia jijini, lakini Mukuru bado inangoja

Ukipita Mukuru kwa Reuben saa kumi na mbili asubuhi utakutana na watu wengi wakienda Industrial Area kwa miguu. Wengine wana kazi. Wengine wanaenda tu kusimama getini, labda wataitwa.

Sasa fikiria mchezo kuhusu kibarua mwenye ekari moja na nusu, na matajiri wanaoitaka wajenge kiwanda. Huo ni Ngaahika Ndeenda wa 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuandika kwa Kikuyu, ukaigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwenye ukumbi waliojijengea wenyewe. Serikali iliupiga marufuku baada ya wiki chache. Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa Kamiti bila kesi hadi Desemba 1978.

Mzee alituacha Mei 2025. Kama unauliza nani atashika kalamu, ilishikwa kitambo. Mũkoma alitoa Nairobi Heat 2009, mpelelezi kutoka Marekani akifuata kesi ya mauaji hadi hapa Nairobi. Mwaka wa 2014 Wanjikũ akatoa The Fall of Saints, naye Nducu akatoa City Murders. Tee pia anaandika. Baba alianzia kijijini na shambani, watoto wakaingia kwenye uhalifu na pesa chafu. Hiyo ni Nairobi tunayoijua.

Shida ni lugha. Baba aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, watoto wakarudi huko huko. Lakini tusiwaonee: Mũkoma ni mmoja wa waanzilishi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza ikiitwa Mabati-Cornell. Kwa hivyo wanajua pengo liko wapi.

Mchezo wenyewe ulirudi 2022 Kenya National Theatre, kwa Kikuyu na Kiingereza. Poa sana. Lakini tiketi na nauli ya kwenda na kurudi, huku kwetu hiyo ni pesa ya unga.

Mimi chuo niliacha karo ilipoisha. Toleo la Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, lilitoka 1982, na nililisoma kwa nakala chakavu ya kuazima. Nilimsomea jirani anayeuza mandazi ile sehemu ya hati ya shamba. Akaniuliza, "Kwani huyo mwandishi alikuwa anakaa hapa?"

Swali lake ndilo jibu. Hapa kila mtu anajua maana ya kuishi kwa ardhi ambayo karatasi yake iko kwa mtu mwingine. DJ Afro alishaonyesha kwamba mtaa utajaza kibanda cha video kuona filamu ya mbali, bora isimuliwe kwa lugha yetu. Hii wala haitoki mbali. Kamĩrĩĩthũ hawakungoja ukumbi wa jiji, walijenga wao. Sisi tuna uwanja, tuna simu za kurekodi, na Kiswahili tunacho. Haki za kuigiza zinaombwa. Nani yuko tayari tuanze?