Kufuli la Labu Linalinda Nini?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina wa kuogopa. Wacha niseme.

Saa kumi na moja jioni, soja alikuwa anatutoa labu na kufuli linawekwa. Ndani, kompyuta zenye nguvu zimelala hadi asubuhi. Nje, mimi na lapi ya mkono wa tatu. Leseni ya AutoCAD mwanafunzi anapewa bure, sikatai, lakini lapi yangu ilikuwa inahema kabla mchoro hata haujafunguka. Na mchoro ni wa kesho.

Ukiuliza, unaambiwa hakuna bajeti. Bajeti ya nini, jameni? Apache Guacamole ni ya bure. Inawekwa kwenye seva moja, inaongea na kompyuta za labu kwa RDP au VNC, na wewe unaona skrini ndani ya brauza. Huweki programu yoyote kwa lapi. Kazi nzito inafanyika kule labu. Kwako inakuja picha tu.

Wengine watasema wezi wa mtandao. Hapo nakubali nusu: kuachilia RDP wazi kwa intaneti ni ujinga. Ndio maana Guacamole inakaa mbele kama soja, na HTTPS, kila mtu na akaunti yake, pasiwadi pamoja na zile namba sita zinazobadilika kwa simu. Bando italiwa, ndio. Lakini mimi nililala nje ya labu mara mbili nikingoja ifunguliwe.

Mlio bado ndani, muulizeni msimamizi wa labu kompyuta zinafanya nini usiku. Jibu mniletee hapa.