Sumu Iliyotiwa Utamu

Ndugu wasomaji, mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya tumbaku, hasa ile iliyotiwa ladha, kwa kuwa ndiyo inayowanasa watoto wetu.

Siku moja alikuja kwetu mama mmoja na mwanawe wa kidato cha pili, mwenye pumu. Kwa miezi kadhaa kifua kilikuwa kikimbana, na dawa hazikumsaidia sana. Mama alieleza kwamba nguo za kijana zinanukia mnanaa, naye alikuwa ametulia moyo akidhani mwanawe anamung'unya pipi za kifua. Nilipobaki na kijana peke yake alikiri kuwa ni sigara za mentholi. Nilipomwuliza sababu alijibu, "Mama, hizi hazichomi. Nilidhani zinafungua kifua."

Hapo ndipo ilipo hila. Mentholi ni ile ile inayotiwa katika pipi za kikohozi na katika dawa ya kuchua kifua wakati wa mafua. Kwa hiyo mtoto huiona kama dawa. Kwa kawaida moshi wa tumbaku huchoma. Anayeuonja mara ya kwanza hukohoa na kutokwa machozi, na wengi huishia hapo. Kikohozi hicho ni mlinzi tuliyepewa na Muumba. Mentholi hupoza koo na kumlaza mlinzi huyo usingizi, na moshi huvutwa mpaka ndani kabisa. Lakini lami, hewa ya kaboni monoksidi na nikotini ni zile zile. Nikotini ikishamzoea kijana, ambaye ubongo wake bado unakua, kuacha ni kazi kubwa.

Wala si sigara peke yake. Shisha hutiwa ladha ya matunda, na maji yake hayaondoi sumu. Serikali yetu iliipiga marufuku mwaka 2016. Sigara za umeme nazo zina ladha za peremende na matunda. Kuna pia tumbaku ya vipaketi yenye harufu ya viungo, ambayo vijana huiweka mdomoni kama kitu cha kusafisha kinywa.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Ni jambo jema, lakini maoni yangu ni kwamba halitoshi. Ladha zenyewe zipigwe marufuku. Wenzetu wa Uganda walifanya hivyo kwa sheria yao ya 2015, na Ethiopia mwaka 2019. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa sigara za mentholi mwaka 2020. Marekani ilikataza ladha nyingine katika sigara mwaka 2009 lakini ikaiacha mentholi, na vijana wengi wakapitia mlango huo ulioachwa wazi. Tusirudie kosa hilo.

Wapo watakaosema kwamba Tunduma ni mpakani, na kinachokatazwa huku kitapita njia za panya kutoka Nakonde. Ni kweli, baadhi kitapita. Lakini mwanafunzi hanunui kwa mlanguzi. Ananunua kibandani, karibu na shule, sigara moja moja, kwa fedha aliyopewa ya andazi. Kikiondoka kibandani, wengi hawatakifuata mafichoni.

Wengine watauliza juu ya mkulima wa Chunya na Songwe anayesomesha watoto kwa tumbaku. Jasho lake silidharau. Lakini tunachoomba kiondolewe ni mnanaa na matunda yanayomvuta mtoto, wala hatuling'oi shamba lake. Mtu mzima aliyezoea bado atapata sigara yake isiyo na ladha, ingawa nami nitaendelea kumsihi aiache.

Tusingoje sheria ndipo tuanze. Wenye vibanda wengi ni sisi sisi tunaokutana kwenye Jumuiya. Ndugu mfanyabiashara, je, ungemwuzia mwanao? Basi usimwuzie wa jirani. Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na viongozi wa vijana wazungumze na wenye maduka yaliyo karibu na shule zetu, na Halmashauri ya Walei ipeleke ombi kwa madiwani na mbunge.

Nanyi wazazi, harufu ya mnanaa kwenye sare ya shule isiwatulize. Ulizeni kwa upole. Msianze na fimbo, kwa maana mtoto anayeogopa kipigo huficha ugonjwa. Mleteni hospitali tumsaidie. Na baba asimtume mtoto kumnunulia sigara, kwa sababu ndivyo anavyomfundisha njia ya kibandani.

Wazee walisema sumu haionjwi. Ikitiwa asali huonjwa, na wanaoionja ni watoto.